Masika, Bibi na Wajukuu: Pa Kwenda kwa Gari kati ya Gitega na Muyinga

Likizo ya Pasaka na mvua kubwa hufika Burundi kwa pamoja. Shule hufunga muhula wa pili mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na Aprili ni mwezi ambao mawingu hukusanyika juu ya vilima vya Gitega karibu kila alasiri. Maharage yamesimama mashambani, mibuni imeanza kuwa myekundu, vumbi la Agosti halipo. Kwa macho, hakuna msimu mzuri kuliko huu. Kwa matairi na magoti ya wazee, ni msimu wa kufikiriwa.

Familia nyingi huanza kupanga safari ya likizo kwa kuuliza: twende wapi? Mmoja anataka maporomoko ya maji, mwingine anataka kuona viboko, mwenye gari anataka barabara ya lami, na bibi anajibu kwamba popote watakapokwenda watoto naye ataridhika. Jibu hilo la bibi lisipokewe haraka. Mzee anayesema popote mara nyingi ana mahali pake moyoni, na ana maumivu ambayo hataki yawe sababu ya kuwanyima wengine raha. Swali la kwanza, basi, si mahali. Ni watu: nani anakwenda, anaweza kukaa garini saa ngapi bila kushuka, anaweza kupanda mteremko wa urefu gani, na kuna mahali gani ambapo yeye peke yake anaweza kuwaeleza wengine kilichotokea.

Tuseme familia ni hii, ya Buyenzi mjini Bujumbura: bibi wa miaka sabini na kitu mwenye goti bovu na dawa za presha, babu anayetembea vizuri lakini hasikii vizuri, baba, mama, shangazi, kijana wa koleji asiyetoa macho kwenye simu, wasichana wawili wa shule ya msingi, na mtoto mchanga anayenyonya. Watu tisa, vizazi vitatu. Familia hii haiwezi kuchagua safari kama wanavyochagua vijana wanne wenye mabuti. Lakini pia haina sababu ya kubaki nyumbani, kwa kuwa nchi ni ndogo na barabara mbili au tatu nzuri zinaifikisha mbali.

Kipimo cha kwanza ni kipande cha Bujumbura hadi Bugarama. Jiji liko kando ya Ziwa Tanganyika, mita mia saba na kitu juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000, na umbali kati yao ni kama kilomita 35 tu. Ni mpando mmoja wa kona baada ya kona. Masikio huziba, watoto hutapika, na wazee waliozoea joto la ziwani hushtukia baridi wakiwa na nguo nyepesi. Malori hupanda polepole na waendesha baiskeli wamezoeleka kujishikiza nyuma yake ili wavutwe hadi juu. Wakati wa masika maporomoko ya udongo huweza kuziba njia. Kwa hiyo safari ianze asubuhi na mapema, watoto wakiwa wamekula kidogo tu, na fulana za baridi zikae mkononi, zisifungiwe kwenye mizigo. Bugarama yenyewe ni pa kushuka bila haraka: kando ya barabara kuna kabeji, karoti na vitunguu vya majani vimepangwa kwa wingi, na mama atakayenunua mboga za kula Gitega atalipa bei nafuu kuliko sokoni mjini. Dakika ishirini za kunyoosha miguu hapo zinafaa kuliko saa nzima ya kupumzika baadaye.

Kutoka Bugarama barabara kuu namba 2 inapita Muramvya, nchi ya zamani ya wafalme, na kushuka hadi Gitega. Safari yote kutoka Bujumbura ni kilomita mia hivi, saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa kistaarabu. Huo ndio umbali ambao mwili wa mzee na uvumilivu wa mtoto vinaweza kuubeba kwa siku moja na bado wakabaki na hamu ya kuona kitu jioni.

Kwa sababu hiyo, na kwa nyingine zitakazofuata, kituo kikuu cha safari ya masika kiwe Gitega. Mji huu umekuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, Bujumbura ikibaki mji mkuu wa uchumi, lakini bado una ukubwa ambao familia inaweza kuumudu. Uko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi; usiku ni wa blanketi, mchana ni wa kutembea. Hospitali ipo, maduka ya dawa yapo, misikiti na kanisa kuu vipo, na vivutio viwili vikubwa viko karibu kiasi kwamba mvua ikianza saa nane mchana familia inarudi nyumba ya wageni kabla haijalowa. Wakoloni wa Kijerumani waliufanya makao yao ya utawala mwaka 1912, Wabelgiji wakaurithi kwa jina la Kitega, na kila utawala ukaacha majengo yake. Kijana wa koleji anayesoma historia kwa kukariri miaka atashangaa kuona kwamba mingi ya miaka hiyo ina mahali pake hapa.

Gishora ndiyo sababu kubwa ya kufika Gitega, na inastahili asubuhi nzima.

Kilima hicho kiko kama kilomita saba kaskazini mwa mji. Simulizi ya mahali penyewe inasema mfalme Mwezi Gisabo aliweka makao hapo baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kuna nyumba za nyasi za mtindo wa kifalme, kuna uwanja, na kuna ngoma mbili zinazoheshimiwa kuliko nyingine zote za hapo, Ruciteme na Murimirwa, ambazo hazipigwi ovyo. Ufalme ulifutwa Novemba 1966, lakini familia za wapiga ngoma wa Gishora hazikuacha kazi. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa familia ya vizazi vingi, ubora wa Gishora ni kwamba hakuna anayeachwa nje. Wapiga ngoma huingia wakiwa wamebeba ngoma kichwani na bado wanazipiga, wakazipanga nusu duara, na ngoma ya kati, inkiranya, ikaongoza. Mtoto wa miaka minne anaelewa. Babu asiyesikia vizuri anaisikia kifuani, kwa sababu mlio wa ngoma hizi hupita ardhini. Bibi anakaa kwenye kiti. Tena hakuna ngazi, hakuna mwendo mrefu, na choo kinaweza kuulizwa mapema. Wasichana wawili wataona jambo moja kabla ya watu wazima: wapiga ngoma wote ni wanaume. Wajibiwe kwa ukweli. Ndiyo desturi ya zamani ya ngoma hizi, na amri ya rais ya Oktoba 2017 iliandika kwamba wanawake hawaruhusiwi kuzipiga. Kuna Warundi wanaoitetea na kuna wanaoipinga, wakiwemo wanawake ambao walikuwa wameshaunda vikundi vyao. Mjadala huo kati ya bibi na wajukuu unaweza kuwa mzuri kuliko maelezo ya kiongozi yeyote.

Ushauri wa kweli kuhusu Gishora ni wa kawaida kabisa. Onyesho halisubiri mgeni, hupangwa. Mwenyeji wa nyumba ya wageni au mtu wa Gitega anayewafahamu wapiga ngoma atume ujumbe siku moja au mbili kabla, bei ikubaliwe waziwazi kwa faranga, na ielezwe ni ya kundi zima au ya kila mgeni. Saa tatu asubuhi ni wakati mzuri kuliko saa tisa alasiri, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya mtoto mchanga. Mtoto huyo akae nyuma, mbali na ngoma: sauti ya ngoma ni kubwa kwa masikio madogo. Na muulize mmoja wa wapiga ngoma awaonyeshe mti wa umuvugangoma, ambao magogo yake huchimbwa kutengeneza ngoma. Mzee aliyekulia kijijini ataanza kuhesabu miti yake mwenyewe.

Makumbusho ya taifa, yaliyofunguliwa Gitega mwaka 1955, ni madogo. Hilo lisimvunje moyo mtu. Kwa wazee na watoto, udogo ni baraka: kwa chini ya saa moja umeona vikapu, vyungu, mikuki, ala za muziki na picha za zamani za watu wa ikulu, na hakuna aliyechoka. Yatembelewe siku ya mvua. Lakini bibi aachwe aongoze. Vitu vingi vilivyo nyuma ya kioo amevitumia au amemwona mama yake akivitumia: chombo cha maziwa, kikapu chenye kifuniko kirefu, chungu cha pombe ya mtama. Maandishi ya makumbusho yataeleza jina na matumizi. Bibi atasema nani alikisuka na alipewa siku gani.

Hapa mpangaji wa safari anapaswa kusimama na kufikiri jambo ambalo vitabu vya watalii huliruka. Barabara hizi zina kumbukumbu, na wazee ndio walio nayo. Kabla ya kufika Gitega kwa barabara namba 2, gari hupita Kibimba, ambako kuna mnara wa kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Oktoba 1993, siku alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Kwenye njia ya Gitega kwenda Karuzi, karibu na mto Ruvubu, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mapema mwaka 2020 mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi ya halaiki, wengi wakihusishwa na mauaji ya 1972. Mtu aliyezaliwa 1950 alikuwa kijana wa miaka 22 wakati huo. Kwake daraja la Ruvubu huenda si mandhari.

Basi aulizwe kabla, faraghani, na mtoto wake wa kumzaa, si mbele ya wajukuu: kuna mahali angependa tusimame? Kuna mahali angependa tupite bila kusimama? Wako wazee wanaotaka kushuka Kibimba na kunyamaza dakika tano. Wako wanaotaka gari liende. Yote mawili ni majibu kamili, na dereva ayajue kabla ya kuwasha injini. Familia inayofanya hivyo huwa inapata jambo ambalo haikulitafuta: mara mzee akijua hatalazimishwa, mara nyingi huanza kuzungumza mwenyewe. Tarehe 6 Aprili, siku ya kumkumbuka Rais Cyprien Ntaryamira aliyeuawa 1994, ni siku ya mapumziko ya kitaifa na huangukia katika likizo hiyohiyo. Ofisi hufungwa, kwa hiyo makumbusho yasipangwe siku hiyo.

Siku ya pili au ya tatu Gitega, hali ya hewa ikiruhusu, kuna safari moja ya nusu siku ambayo watoto hawataisahau: Rutovu, kusini, kwenye chemchemi ambayo Burundi inaihesabu kuwa chanzo cha kusini kabisa cha mto Nili. Juu ya kilima kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa 1938 na Mjerumani Burkhart Waldecker. Chini yake maji yanatoka kidogo kidogo. Rwanda nayo ina chanzo chake katika msitu wa Nyungwe na haikubali kushindwa, lakini watoto hawahitaji kumaliza ugomvi huo. Wanachohitaji ni ramani. Maji ya Rutovu hushuka kwenye mto Ruvyironza, ambao huungana na Ruvubu katika eneo la Gitega. Ruvubu huzunguka kaskazini mashariki kuelekea upande wa Muyinga, huingia Tanzania, hukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na kuwa Kagera inayomwaga maji yake Ziwa Viktoria. Familia inayotoka Gitega kwenda Muyinga inakwenda sambamba na maji hayo. Mpe msichana wa darasa la tano kazi ya kuhesabu madaraja na kuuliza kila mto jina lake, na safari ya saa tatu itakuwa fupi.

Kwa bibi mwenye goti, Rutovu ina kilima. Asilazimishwe kushuka hadi chemchemi; kutoka juu anaona bonde zima. Kama usiku uliotangulia ulikuwa wa mvua kubwa, safari hii iachwe.

Familia ya Kikatoliki ina chaguo lingine la karibu zaidi, Mugera, misheni iliyoanzishwa 1899 na mahali pa hija pa Bikira Maria. Tarehe 15 Agosti mahujaji hujaa. Wakati wa masika ni kimya, na kimya hicho ndicho wazee wengi wanakipenda. Hakuna cha kufanya huko isipokuwa kusali, kukaa na kula chakula mlichobeba. Inatosha.

Sasa Muyinga. Je, familia iongeze kilomita mia nyingine?

Jibu linategemea kama Muyinga ina mtu wenu. Ni mji wa kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania, na hauna jina kubwa katika orodha za watalii. Lakini kwa familia ya Waswahili wa Burundi ni mahali pa maana. Kama Buyenzi, kama Rumonge, kama mitaa ya Gitega yenyewe, Muyinga ina jamii ya zamani ya Waislamu wanaozungumza Kiswahili, na ni nadra familia ya Buyenzi kukosa shangazi, mke wa mjomba au rafiki wa madrasa huko. Watu wazima husahau kwamba kwa mzee wa miaka sabini kivutio kikubwa kuliko piramidi ni sebule ya mtu aliyesoma naye. Mwaka 2025 na 2026 Idi ya Fitri iliangukia mwezi Machi, na kwa kuwa kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, bado kwa muda mfupi Idi na masika vitakaribiana. Familia ya Kiislamu inayoweza kupata ruhusa kazini iangalie hilo: kusali Idi Muyinga, kula pilau kwa jamaa, na kurudi kupitia Gitega.

Njia ya moja kwa moja ni Gitega, Karuzi, Muyinga. Inapita mashamba ya migomba na mabonde ya mpunga, na ni ya kupendeza asubuhi. Njia ndefu ni kupitia Ngozi na kuingia barabara namba 6, ambayo hubeba malori ya kutoka mpaka wa Kobero. Kwa mtoto mchanga na bibi, njia ya Karuzi. Kusimama kumoja katikati, Karuzi mjini, kwa chai na choo.

Machi hadi Juni ni wakati wa kuvuna kahawa, na Muyinga iko katika ukanda wa kahawa wa kaskazini pamoja na Ngozi na Kayanza. Huu ndio utajiri wa masika ambao msimu wa kiangazi hauna. Wakulima hufika vituo vya kuoshea kahawa wakiwa na mabeseni na vikapu vya tunda jekundu. Tunda humenywa kwa mashine, mbegu huchachuka, huoshwa kwa maji mengi, kisha husambazwa juu ya vichanja virefu huku watu wakichambua kwa mkono punje mbovu. Uliza kwenye nyumba ya wageni kituo kilicho karibu na barabara, omba ruhusa kwa msimamizi, fika alasiri ambapo kazi ya kupokea huwa imepamba moto. Wasichana wataruhusiwa pengine kuchambua. Na babu, kama alilelewa kilimani, atakuwa na la kusema: Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kupanda kahawa tangu miaka ya 1930, na baba zao walipigwa kwa mibuni isiyopaliliwa. Kijana wa koleji anayekunywa kahawa ya maziwa mjini Bujumbura alisikie hilo kutoka kwa babu yake, kwenye shamba lenyewe.

Muyinga ina jengo moja linalojulikana duniani kuliko linavyojulikana Bujumbura. Ni maktaba iliyokamilika 2012, sehemu ya shule ya watoto viziwi, iliyosanifiwa na BC Architects wa Brussels pamoja na mafundi wa hapohapo. Matofali yake ni ya udongo ulioshindiliwa, hayakuchomwa. Paa ni la vigae vya kienyeji juu ya mbao za mikaratusi. Na ndani, juu ya vichwa vya watu, umefungwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala wakisoma. Majarida ya usanifu ya Ulaya yameandika sana kuhusu kamba hizo. Ni mahali pa watoto kusomea, si pa maonyesho, na wakati wa likizo huenda pakafungwa: iombwe ruhusa kwanza, na picha za watoto zisipigwe bila idhini. Ikikubaliwa, msionyeshe watoto wenu jengo tu. Waonyeshe kwamba udongo ule wa kujengea nyumba ya bibi kijijini unaweza kujenga kitu cha kuigwa na mabingwa.

Wasomaji wa Ngara, Kahama au Mwanza watafika Muyinga kwa upande wa pili, kupitia Kabanga na Kobero, na kwao mji huu ni wa kwanza badala ya wa mwisho. Wakumbuke mambo manne. Saa ya Burundi iko nyuma ya ya Tanzania kwa saa moja. Burundi magari hupita kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia akitaka kulipita lori kwenye kona za Karuzi hataona mbele vizuri, hivyo mtu mzima makini akae kiti cha mbele kushoto na awe jicho lake, na wote wawili wawe na subira. Gari liwe na kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo Tanzania imo ingawa si mwanachama wa COMESA. Na mtoto anayesafiri na bibi bila wazazi awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya wazazi, maana hapo ndipo wanapokwama watu wasio na hatia yoyote. Waliozoea kupita Rwanda wajue kwamba Burundi ilifunga mpaka huo Januari 2024. Wasipange njia hiyo bila kuthibitisha kwanza kwamba umefunguliwa.

Mambo ya gari yenyewe ni machache lakini hayasamehe. Mafuta yamekuwa haba Burundi kwa miaka kadhaa, na foleni za vituo huweza kula siku nzima. Safari haianzi mpaka tangi limejaa kwa mwendo wa kwenda na kurudi, au mpaka dereva wa Haisi ya kukodi ameonyesha kwa macho kwamba analo. Petroli ya akiba kwenye dumu, ndani ya gari lenye mtoto mchanga, isikubaliwe hata kidogo. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jamii. Barabara hubanwa hadi katikati ya asubuhi, kwa hiyo Ijumaa au Jumapili ndizo siku za kuondoka. Giza huingia saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na baiskeli bila taa ni nyingi. Gari liwe limeegeshwa saa kumi.

Mizigo ya bibi ipangwe na mtu mmoja anayejulikana. Dawa za presha ziwe za siku zaidi ya zilizopangwa na zikae kwenye mkoba wake, si kwenye buti. Vyandarua vibebwe: malaria ni ugonjwa wa kila mahali nchini, na masika ni wakati wake. Turubai, ndoo ndogo yenye kifuniko kwa mtoto anayetapika, maji ya kunywa, mikeka. Kiti cha plastiki kisidharauliwe, kwa kuwa sehemu nyingi nzuri za njia hii hazina pa kukaa mzee. Kuhusu mpango wa viti garini, mkwe na baba mkwe wasibanwe bega kwa bega saa tatu. Heshima ina uzito wake na kila mmoja atakuwa hapumui. Babu mbele, shangazi katikati na watoto, bibi karibu na mlango unaofunguka upande salama.

Majina kwenye ramani za zamani nayo yataleta mkanganyiko. Mwaka 2025 mikoa 18 iliunganishwa kuwa mitano. Gitega sasa inajumuisha Karuzi, Muramvya na Mwaro. Muyinga imeingia Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Rutovu iko Burunga. Watu barabarani bado wanataja majina ya zamani, na mkiuliza njia mtaeleweka kwa yote mawili.

Yako mawili ambayo familia hii isiyaingize kwenye masika, hata kijana akisihi. La kwanza ni maporomoko ya Karera, upande wa Rutana: ni mazuri sana, na Aprili maji yake ni mengi kuliko wakati wowote, lakini njia ya mwisho ni ya udongo na mawe ya kushukia huwa yamelowa. Goti la bibi halina kazi huko. La pili ni hifadhi ya Ruvubu, kubwa kuliko zote nchini, kilomita za mraba 508 za nyika na mto wenye viboko, mamba na nyati. Njia zake za ndani hazikujengwa kwa Haisi iliyojaa watu tisa wakati wa mvua, na nyasi zikiwa ndefu wanyama hawaonekani. Hifadhi hiyo husimamiwa na OBPE, ofisi ya serikali ya ulinzi wa mazingira. Waulizwe kuhusu hali ya njia kuanzia Juni, nyasi zinapoanza kukauka, na mwende Julai, shule zikiwa zimefungwa tena.